Visu Tele, Kabichi Haina wa Kuikata

Jirani, nikuulize. Nyumbani kwako una visu vingapi? Viwili? Kimoja hakina mpini? Basi wewe tajiri, shukuru Mungu. Mimi nina kabati la visu, na juzi mke wangu kaenda kuazima kisu kwa mama Zuwena ili akate kabichi. Mama Zuwena kauliza, "Si mumeo ndiye yule bwana visu?" Mke wangu kajibu, "Ndiye huyohuyo, ila vya kwake havikati." Wamecheka mpaka kabichi imewaponyoka. Mimi nipo dirishani, nasikia kila neno, nimevaa glovu.

Glovu nitakueleza. Tuliza boli.

Ugonjwa wangu ni huu. Nakusanya visu vya kukunja, vile vya mfukoni, vya zamani, ambavyo havijatumika. Sikiliza vizuri hapo mwisho. Havijatumika. Havijanolewa, havijakata hata uzi, ikiwezekana viwe bado na karatasi yake na boksi lake la dukani. Hicho ndicho kisu chenye hela. Kisu kilichofanya kazi, kikamenya mihogo, kikakata kamba ya mbuzi, kikachinja kuku wa sikukuu, hicho hakina bei. Lakini ukikuta kisu ambacho babu wa watu alikinunua zamani za vita, akakitia kwenye droo, akafa hajakikunjua, hapo watu wazima wanakabana makoo mnadani. Yaani uvivu unalipwa. Mimi nimefanya kazi tangu nimalize darasa la saba na sijawahi kugombaniwa na mtu.

Ilianza na koti. Kulikuwa na msiba Njombe, upande wa mke, mwezi wa saba. Njombe mwezi wa saba siyo pa kwenda na shati la mikono mifupi. Nikaingia mitumba ya Karume, nikapata koti zito, limeandikwa maneno ya Kimarekani mgongoni. Napapasa mfuko wa ndani, kuna kitu kigumu. Moyo ukapiga. Nikajua dola. Nikalipa bila kubishana bei, muuzaji mwenyewe akaniangalia mara mbili. Nikatafuta choo cha kulipia, nikajifungia, nikatoa. Kisu. Kidogo, mpini wa njano, mabapa matatu yamekunjwa ndani. Hela ya koti imekwenda, hela ya choo imekwenda, na haja yenyewe sikuwa nayo.

Kule msibani ndiko nilikorogwa. Kuna shemeji yangu, mdogo wa mke, kasoma, kakaa Marekani muda wa kutosha kurudi na kitambi. Wanaume tumekaa tunaota moto. Akaniona nachokonoa meno kwa kile kisu. Akakinyakua. "Shemeji! Hiki ni Case! Na hakijanolewa hata siku moja!" Nikamwambia na mimi nimeona, hakikati. Akasema siyo hivyo. Akakisogeza kwenye mwanga, akasoma pale bapa linapoingilia kwenye mpini. Hawa Case, akasema, wako Bradford, Pennsylvania, tangu 1905. Mwaka 1970 walianza kupiga vitone kumi chini ya jina la kampuni, na kila mwaka wakapunguza kimoja, mpaka 1979 kikabaki kimoja. Mwaka 1980 wakarudi kwenye kumi, ila herufi S wakaipinda ikawa na kona za radi ili watu wasichanganye. Changu kina vitone saba na S ya kawaida. Hesabu mwenyewe. Mimi nilihesabu nikapata 1977, kwa sababu saba ni saba. Shemeji akanisahihisha mbele ya wazee: 1973. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza huyu ndiye aliyemuoa binti yetu?

Halafu kuna namba. 3318. Ile 3 ya kwanza ndiyo mpini wa njano. Ingekuwa 6 ungekuwa mfupa. Ile 3 ya pili ndiyo idadi ya mabapa. Hiyo 18 ndiyo umbo lenyewe. Ni kisu cha wafugaji ng'ombe wa kule. Bapa refu la kazi zote. Bapa la pili limenyooka, ncha butu. La tatu fupi, na hapo shemeji akashusha sauti, hilo ni la kuhasia madume. Sauti hakuishusha vya kutosha. Mke wangu alikuwa anapita na sufuria la chai. Akasimama. Akaniangalia. Akasema, "Hicho kisu kisipotee."

Nikarudi Dar na homa. Usiku nasoma habari za visu kwenye simu, bando linakwisha, naongeza. Kisu nimekilaza juu ya kabati kwenye kitambaa cheupe. Sasa mtaani kwetu kuna fundi wa kunoa, yule wa baiskeli. Unamjua. Anaegesha kwa stendi, anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, watoto wanakusanyika. Mimi niko kazini. Mke wangu katoa kisu cha jikoni, katoa panga, halafu kakumbuka kuna kisu cha baba Salma, yaani mimi, juu ya kabati, maskini, butu kabisa. Kwa upendo, jirani! Kwa upendo tu. Kalipa jero. Na fundi naye mtu wa haki, hakupunja. Kanoa mabapa yote matatu, hata lile la kuhasia, pande zote mbili. Vitone navyo kavifuta, alidhani ni kutu imeanza. Jioni narudi, kisu kinameremeta, kinanyoa ndevu. Mke wangu kasimama mlangoni anasubiri ahsante. Nikasema ahsante. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na pipa la taka.

Sasa ujue hasara yangu. Wakusanyaji wa Marekani wana chama chao na wana madaraja yao. Juu kabisa ni hali ya kiwandani: hakijabebwa, hakijanolewa, hakina dosari. Chini yake, karibu na kiwandani: kipya, ila kimekaa dukani kikachubuka kidogo. Halafu safi sana: bapa limelika si zaidi ya asilimia 10. Halafu safi: limelika asilimia 25, mpini una nyufa ndogo. Halafu wastani: nusu ya bapa imekwenda. Mwisho choka mbaya, cha kung'oa vipuri. Na wanasikiliza mpaka mlio. Kisu kizima ukikikunjua kinakwenda laini, ukikifunga springi inasema ta! Fundi alikitoa changu darini akakiweka sakafuni, kwa jero.

Nikamweleza mke wangu haya yote kwa uchungu. Akanisikiliza vizuri. Akauliza, "Na wewe uko daraja gani?" Kabla sijajibu akaanza kunikagua mwenyewe. "Bapa limelika nusu. Mpini una nyufa. Springi..." Hapo akanyamaza kwa sababu watoto walikuwepo. Lakini mama Zuwena naye alikuwepo, na mama Zuwena hana breki.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikanunua kingine.

Hicho kingine nilikiagiza kwenye mtandao kwa mkopo ambao mke wangu anajua ni wa bati. Kina mpini wa mfupa umechongwa vishimo vishimo, rangi ya asali, mzuri mpaka unataka kuulamba. Nikajiuliza mfupa wa nini ghali hivi? Simba? Nikasoma. Ni ng'ombe. Case wenyewe wanasema mfupa wao ni wa muundi wa ng'ombe wa Brazil, wale wenye nundu. Nundu, jirani! Ng'ombe wetu hawa hawa wa Pugu! Muundi ni makongoro. Nimelipa bei ya ng'ombe mzima na kwato zake, nimeletewa kipande cha makongoro cha urefu wa kidole, na supu walikunywa wao.

Kwenda kukichukua ndiko kulikonizeesha. Kuna ofisi moja ya mizigo, siitaji, nina watoto. Vifurushi vilikuwa viwili, viliingia pamoja. Dada wa kaunta akafungua cha kwanza kwa meno. Akakitoa kisu. "Hiki nini?" Kisu cha zamani, dada. "Mbona kipya?" Ndiyo, ni cha zamani lakini kipya. "Kaka, kipya au cha zamani?" Hapo ndipo pagumu. Nikitaka ushuru uwe mdogo inabidi niseme kimechakaa. Ulimi ulikataa. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, kipya kabisa, dada, angalia, hakijaguswa tangu kitoke kiwandani. Akaandika: kipya. Halafu akavuta kifurushi cha pili. Hiki kimefungwa gundi kote, meno yameshindwa. Akaangaza huku na huku. Akakiona kile kisu pale kaunta. Nikanyoosha mkono, nikasema "Da—". Kreeee! Akachana boksi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Gundi imeng'ang'ania kwenye bapa. Akakipangusa kwenye sketi. "Ee, kinakata!" Akamwita mwenzake naye akachane la kwake. Nimelipia ushuru wa kisu kipya kwa kisu ambacho kiliacha kuwa kipya mikononi mwa aliyenitoza.

Ukishakifikisha nyumbani salama, adui ni hewa. Vile vya zamani vingi ni chuma cha kawaida kinachoshika kutu, siyo hivi vya siku hizi. Na Dar hewa yenyewe ina chumvi, misumari ya bati inajua. Jasho la kidole nalo ni chumvi. Ukigusa bapa leo ukalisahau, baada ya muda unakuta kidole gumba chako kimechorwa pale, mistari yote, hata kwenye kitambulisho cha taifa hakikutoka vizuri hivyo. Ndiyo maana glovu. Ndiyo maana kila baada ya siku kadhaa navitoa vyote, navifuta kimoja kimoja, navipaka mafuta ya cherehani kidogo tu. Ndiyo maana nazunguka maduka ya viatu naomba vile vijifuko vya silika vilivyoandikwa usile. Muuza viatu mmoja siku hizi akiniona anafunga mlango. Na usiviweke kwenye ngozi! Mimi niliagiza vimifuko vya ngozi kwa fundi viatu, vizuri, vina kifungo. Kumbe ngozi inabaki na dawa yake ya kiwandani na inavuta unyevu. Shaba ya kisu ikaota ukijani. Fundi viatu nikimwambia, anasema hajawahi kuona kiatu kikiota ukijani, labda miguu ya visu vyangu inanuka.

Hilo dogo. Kubwa ni kafuri.

Nilipata kisu cha Kijerumani, cha Solingen, cha kabla ya vita ya pili. Mpini wake unameta rangi za lulu. Ni seluloidi, plastiki za mwanzo mwanzo zile, walizitengeneza kwa pamba iliyolowekwa kwenye asidi wakachanganya na kafuri. Ndiyo, kafuri ile ile. Nikakilaza kwenye bati la biskuti pamoja na wenzake, nikafunika, nikaondoka zangu kwa furaha. Siku hiyo mama mkwe kaja kututembelea. Kafikia chumba kile kile chenye kabati. Usiku wa manane ukelele. Tumekimbia na tochi. Mama mkwe kakaa kitandani, kajifunga kanga mbili, anatetemeka. "Nani kafa?" Hakuna aliyekufa, mama, shikamoo. "Nasikia harufu ya kafuri. Nani kaoshwa humu ndani?" Tukatafuta. Tukanusa. Harufu inatoka kabatini. Nikafungua bati mbele ya mama mkwe, nimeinama, maana mkwe humwangalii usoni, na yeye kaona mkwewe anatoa visu vinavyonuka maiti usiku wa manane. Asubuhi alikuwa stendi kabla ya muadhini.

Na harufu siyo mwisho. Seluloidi ikizeeka inaoza. Inatoa hewa ya asidi, na hiyo hewa haichagui. Inakula bapa la kisu chake, halafu inahamia kwa majirani. Nilipokitazama vizuri, kile cha lulu kilikuwa kimejikunja mpini, na vyote vilivyolala naye bati moja vimeota kutu upande uliomwelekea. Vitabu vinasema mweke peke yake, kwenye hewa, mbali na wenzake, mbali na moto maana inawaka vibaya. Sasa anakaa barazani, juu ya dirisha, peke yake. Watoto wanamsalimia wakipita.

Ya pembe sitaki hata kuyasema kwa sauti. Viwanda vya Sheffield zamani vilitumia pembe za ndovu kwa wingi, na Joseph Rodgers, wale wenye alama ya nyota na msalaba iliyoandikishwa tangu 1682, walikuwa na ghala la pembe tupu. Na pembe zilizopita Bagamoyo na Unguja kwenda kuuzwa London tunajua zilitoka kwa nani. Basi mzee mmoja ananong'ona nyuma ya kinyozi, anacho kisu cha Rodgers, cha baba yake, hakijatumika, mpini mweupe. Nilitoka mbio, jirani. Kandambili moja iko kule mpaka leo. Nchi hii ukikutwa na pembe, hakuna hakimu atakayekuuliza daraja lake. Tembo wa watu kaondoka hapa na mlima wa mwili, karudi mpini wa kisu, na bado angenifunga mimi.

Lakini yote haya ni cha mtoto. Subiri mjumbe.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alipelekewa taarifa. Sisemi na nani, ila mama Zuwena hana breki. Taarifa yenyewe: kuna mtu usiku anafunga mlango, anawasha taa, anavaa glovu nyeupe, anapanga visu kitandani, anavifuta huku anavisemesha. Ni kweli navisemesha. Siyo sana.

Akaja jioni, na vijana wawili wa ulinzi shirikishi wenye virungu, na daftari. Ametoka kula. Nasikia kabisa, dagaa. Nikasema shikamoo mzee mjumbe, karibu. Akakaa. Akasema toa. Nikatoa. Nikavipanga kwenye meza. Vijana wakarudi nyuma hatua moja. Mjumbe akahesabu kwa macho, midomo inacheza. "Bwana mdogo. Una bucha?" Sina. "Una mgahawa?" Sina. "Una ugomvi na mtu?" Na mama Zuwena kidogo.

Nikaona bora nimweleze historia, nimwonyeshe hili ni jambo la wasomi. Nikamwambia, mzee, hiki cha Solingen, Ujerumani. Akaandika: Wajerumani. Nikamwambia hawa wa Solingen ni watu wakubwa, hata jeshi la Uswisi visu vyake vya kwanza, vya mfano wa 1890, vilitoka kwao, kwa sababu kule Uswisi hakukuwa na karakana ya kutosha kutengeneza vyote, mpaka Karl Elsener alipojipanga. Akaandika: jeshi. Nikaona anapotea njia. Nikamrudisha. Mzee, hii ni kazi ya ufundi tu, kule Sheffield Rodgers walitengeneza kisu kimoja chenye mabapa 75, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London mwaka 1851, kipo mpaka leo kwenye ukumbi wa mafundi visu. Akaacha kalamu. "Mabapa 75." Ndiyo mzee. "Kisu kimoja." Ndiyo mzee. "Cha kumfanyia nani?" Akaandika: ana washirika Sheffield.

Nikashika Okapi, nikijua hiki atakielewa. Mzee, hiki Wajerumani walianza kukitengeneza 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, tukiwemo sisi, na wakakipa jina la yule mnyama wa msitu wa Kongo. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mbao, umepambwa mwezi na nyota, mgongoni pete ya kufungulia. Bei rahisi, kila mtu alikitumia, ndiyo maana kukipata ambacho hakijatumika ni shughuli. Mjumbe akakiangalia muda mrefu. "Hiki nakijua." Nikafurahi. Kumbe mzee mwenzangu! "Nilionyeshwa Johannesburg, usiku, na kijana aliyekuwa anataka viatu vyangu." Akaandika mstari mrefu, mkono wake umeufunika nisione.

Halafu, jirani, akanyoosha mkono kwenye kile cha makongoro. Kile ambacho nilikihangaikia gundi siku nzima kwa pamba na spiriti. Nikamwambia mzee, glovu. Akasema yeye hana baridi. Akakikunjua. Kidole gumba chote, na dagaa wake, kikatua katikati ya bapa. Kikakaa. Akalisugua taratibu, juu, chini, anapima makali. Mimi huku napumua kwa kuhesabu. Akainua mkono wa kushoto, akaanza kusafisha kucha. Moja baada ya nyingine. Alipofika ya mwisho akakifunga. Ta! Akatabasamu. Akakifungua tena. Ta! Akawapa vijana nao wasikilize. Ta! Ta! Kilipita mikono yote iliyokuwa mle ndani isipokuwa wangu.

"Kizuri," akasema. "Lakini butu."

Akafunga daftari. Akasema hajaona kosa, ila serikali ya mtaa haiwezi kuwa na mtu mwenye visu vyote hivyo asiye na shughuli inayoeleweka. Kwa hiyo ameniandika. Shughuli: fundi kunoa visu. Nikamwambia mzee, mimi hata kunoa sijui, tangu nianze hii kazi kunoa ni dhambi. Akasema usijishushe.

Tangu siku hiyo sina amani. Wanawake wa mtaa mzima wanakuja na visu vya jikoni, vile vya msumeno wa chuma vilivyofungwa mpira wa tyubu, vibuzi, mapanga, mpaka makasi ya cherehani. Mjumbe mwenyewe kapanga bei, mia tatu, anasema watu wa mtaani wasikandamizwe. Mimi napokea, nasema njoo kesho. Usiku nafunga kiroba, naenda nacho kwa yule fundi wa baiskeli, nagonga mlango kwa siri. Yeye bei yake ile ile, jero. Kila kisu nakula hasara ya mia mbili, na ukimwomba apunguze kwa jumla anakuuliza kile kidogo cha njano kilikukata vizuri?

Leo alfajiri mwenye bucha kashusha mapanga manne na shoka, anavitaka kabla ya saa sita. Hela? Kasema kaambiwa na mjumbe asilipe, wao ni marafiki.